Mzamiaji Aliyegoma Kuzama

Jumamosi, 7 Juni. Key Largo

Nimeporwa mwenza. Miaka yote hii, Nahodha Yolanda akishafunga boti kwenye boya, Lorna Teague hushuka majini na mimi. Ndiyo desturi ya wazamiaji: wawili wawili, huyu anamchunga yule. Leo, huku anatafuna sandwichi bila wasiwasi wowote, ameniambia kesho atashuka na Satterwhite. Daktari wa meno mstaafu kutoka Georgia, kajifunza kuzamia juzi tu, na tabasamu lake halizimiki. Nikauliza kwa nini yeye. Akasema mgeni wa maji lazima apate mwenyeji, na mimi niache kununa, utoto ulishanipita. Sikununa. Nilikaa kimya mpaka gatini, basi.

Ninampenda Lorna. Yeye mjane, mimi niliachwa zamani, hakuna anayetuzuia. Nimekuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia, na kila siku nzuri imekuwa na kasoro.

Mpango: ndizi. Visiwani hapa kila mtu anajua ndizi botini ni mkosi. Nahodha Yolanda aliwahi kumshusha mtu gatini na mizigo yake kwa sababu ya ndizi moja. Kesho itakutwa kwenye mkoba wa Satterwhite.

Jumapili, 8 Juni, asubuhi, tukiwa njiani

Ndizi imekutwa. Nahodha aliishika kwa vidole viwili, akauliza ni ya nani. Satterwhite hajafungua hata mdomo, Lorna akasema ni yake, amepitiwa, asamehewe. Akaitupa baharini. Satterwhite sasa anamtazama kama malaika. Wanacheka pamoja kule mbele. Kicheko nimewanunulia mimi.

Haidhuru. Nina mpango wa pili.

Jumapili, jioni

Mikono inaniuma kwa kupiga maji. Niandike tu.

Mzamiaji hubeba vipande vya madini ya risasi mifukoni, la sivyo haendi chini. Nikawaza: nikimwongezea Satterwhite viwili, atatua mchangani kama gunia la viazi, Lorna ataona aibu ya kuongozana naye. Hapo kwenye mwamba tunapozamia maji ni mafupi, wanafunzi huletwa hapo, hakuna wa kudhurika. Lakini Nahodha alikuwa amekalia sanduku la risasi. Basi nikachukua vya kwangu, nikavichomeka mfukoni mwake, nikajiambia vingine vyangu nitachukua sandukuni Nahodha akiinuka.

Nikasahau. Na leo nilikuwa nimevaa suti mpya ya mpira, nene, ya maji ya baridi. Juni hii. Niliinunua kwa kuwa inabana tumbo. Hakuna aliyeniambia kwamba suti nene huelea.

Nikaruka. Nikabaki juu. Nikapiga mateke, nikatoa pumzi yote, nikajaribu kutanguliza kichwa: makalio juu, mapezi yanapunga hewani. Nahodha akaniuliza kutoka botini kama nazamia au namfukuza mbu. Kurudi kuomba risasi sikuweza. Angeuliza zangu ziko wapi.

Chini niliwaona vizuri, maji yalikuwa meupe. Satterwhite alitua mchangani kwa magoti, kweli kama gunia. Akatulia hapo hapo. Na kwa kuwa ametulia, kasa akaja, akamzunguka, akampitia karibu na uso. Lorna akamshika bega kwa furaha. Mapovu yao yalipanda yakanipasukia kwenye miwani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi hata kuingia nimeshindwa.

Mawimbi yalinivuruga tumbo. Nilipanda botini nikatapika mpaka chai ya jana. Wengine waliposhuka mbizi ya pili, Lorna alibaki. Alinishika paji la uso, akanipa maji kidogo kidogo, akasema, "Tapika tu, mzee, samaki nao wale." Nilifurahi. Nasikitika kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekutana na Nahodha Yolanda dukani. Kasema inasikitisha sana, Lorna kuikosa mbizi yake ya mwisho. Nikauliza ya mwisho vipi. Akashangaa sijui. Daktari amemkataza Lorna kuzamia tena, sikio lake la kushoto limeharibika. Alikuwa ameomba kwa Nahodha mwenyewe: mbizi ya kwanza amsindikize mgeni, ya pili, ya kuagana na bahari, ashuke na Wendell.

Wendell ni mimi.

Nimerudi nyumbani bila maziwa niliyofuata. Nimekaa jikoni. Najuta mpaka meno yananiuma.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwake kuungama yote, ndizi na risasi. Nilijizoeza njiani. Alifungua mlango, macho mekundu, akasema anaona haya kulilia sikio. Nikamwambia asilie peke yake, na mimi daktari amenikataza. Sikio. La kulia. Sijui lilitoka wapi neno hilo.

Akanishika mkono. Ulikuwa mkono wa moto. Ungamo likarudi lilikotoka.

Ijumaa, 13 Juni

Lorna amekuja na pai ya ndimu. Nilimwona kupitia dirisha nikawahi kujaza pamba sikioni. Tukakaa barazani, yeye kuliani kwangu, anatazama mfereji wa boti mbele ya nyumba. Kisha akasema, taratibu, kwamba nyumba yake ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwamba amechoka kuongea na redio, na kama nisingeona vibaya, angependa tuzeeke pamoja.

Nilisikia kila neno. Nilisikia hata alivyomeza mate. Lakini kwake mimi ni kiziwi wa upande huo, na nikafikiri, nikijibu mara moja atajua.

Nikasema, "Eti nini?"

Akanitazama. Mwanamke yule aliruka kwenye bahari ya papa bila kusita, na leo hakuweza kulirudia. Akasema, "Basi. Nilisema pai iweke kwenye friji." Akaenda zake.

Sijala pai.

Jumamosi, 14 Juni

Sijalala. Kumwambia ukweli ni kumpoteza: atajua nilisikia nikamwacha aondoke. Hapana. Nimepata njia bora. Kesho kanisani, katikati ya maombi, sikio langu litafunguka ghafla. Nitashika benchi, nitasema nasikia, nasikia. Tangu alfajiri najizoeza kushangaa mbele ya kioo, na uso unaanza kukubali.

Halafu nitamgeukia Lorna, nimwombe arudie.