Bunduki za Nje, za Humu, na Hita ya Ruphin

Jumatatu, 8 Juni 2026

Baridi! Asubuhi majani ya La Rochelle, mtaa wetu hapa Afrika Kusini, yalikuwa meupe kwa barafu, na mimi mlangoni pa duka la bunduki za kuwindia, miguuni soksi jozi mbili. Mlinzi mwenzangu, Ruphin wa Uvira, analinda ndani. Ana stuli. Ana hita. Huniangalia kupitia kioo huku akijikuna tumbo. Mtu mbaya.

Leo Mama Venter, mwenye duka, aliweka bunduki mbili kwenye kaunta. Moja imetengenezwa humu humu Afrika Kusini, kitako cha mbao. Nyingine imetoka ng'ambo, kitako cha plastiki, bei nusu. Msimu wa kuwinda umeanza, anataka kuagiza mzigo, na hajui wateja watachagua ipi. Akatuuliza wafanyakazi. Ruphin akasema watu wanapenda rahisi. Kwa hiyo mimi nikasema watu wanapenda ya kwao. Mama Gaudence, Mrundi anayetufanyia usafi, akasema watu watanunua za marehemu. Ana maana ile rafu ya nyuma, ya bunduki kuukuu ambazo wajane huzileta ziuzwe. Tulicheka sana, maskini.

Mama Venter ameahidi: atakayeonekana Ijumaa kwamba alisema kweli, atakaa ndani kwenye hita mpaka baridi iishe. Hita! Nimeshaiona miguu yangu pale.

Mke wangu Murielle ameniuliza mambo ya bunduki nimeyajulia wapi. Swali la dharau. Miaka sita nalinda duka la bunduki! Kwa rungu, lakini nalinda.

Jumanne, 9 Juni

Utafiti umeanza. Kila mteja lazima asimame kwangu aandike jina. Basi namuuliza kwa sauti ya chini, Ruphin asisikie: je, angependa bunduki ya bei rahisi kutoka nje, au ya humu? Majibu nayaandika kwenye kitabu cha matukio, kile cha kampuni ya ulinzi, kwa sababu karatasi nyingine sina, na kina nafasi ya kuandika saa. Kazi safi kabisa.

Hadi jioni: ya nje watu tisa, ya humu wawili. Mmoja wa hao wawili alikuwa analeta maji ya kunywa. Nimemhesabu. Kati ya wale tisa nimewatoa watatu waliovaa kaptura. Anayevaa kaptura kwenye baridi hii hana akili ya kuchagua kitu.

Jumatano, 10 Juni

Ukweli nao unahitaji kusukumwa kidogo. Nimeanza kuwaambia wateja, nikitikisa kichwa, kwamba natoka Kivu kwenye vita, na kwamba hizo za plastiki nimeziona kwa macho yangu. Sikusema wapi. (Kaunta, juzi.) Hadi saa sita mchana mzee mmoja alikuwa ananiita Kanali. Akaniuliza ukimlenga tandala kwa mbali unafanyaje. Nikamwambia apumue. Aliandika!

Ruphin akatoka nje, mara ya kwanza tangu Mei, kuuliza ninawanong'oneza nini wateja. Nikamjibu nawatakia siku njema. Akasema sharp, yaani sawa, akarudi kwenye hita yake. Nilisikia joto kidogo usoni kabla mlango haujafungwa.

Alhamisi, 11 Juni

Eish. Msimamizi wetu wa kampuni, Bwana Mabaso, alikuja kukagua kitabu. Akasoma kwa sauti: saa tatu na dakika kumi, mwanamume, koti la kijani, anataka ya nje ya bei rahisi, saa tatu na nusu, wawili, wanataka ya nje. Akauliza watu hawa wameuziwa na nani.

Kabla sijajibu, gari la polisi likasimama. Mteja mmoja alikuwa amepiga simu: kuna mlinzi Mkongo, anayejiita Kanali, ananong'oneza watu mlangoni habari za bunduki rahisi kutoka nje.

Nimehojiwa kwa saa mbili. Niliogopa, sifichi. Karatasi zangu za ukimbizi zinaisha Agosti, na nilikuwa namwaza Murielle tu. Mama Venter akaja akaeleza yote, hadi polisi wakacheka. Mmoja wao akauliza kama ile ya plastiki ni nzuri kweli. Nimemwandika.

Lakini niseme na hili: walinihoji ndani. Karibu na hita. Na Ruphin akasimama mlangoni badala yangu saa mbili nzima, kamasi zikimchuruzika. Siku haikuwa mbaya.

Ijumaa, 12 Juni

Hukumu! Mama Venter alichukua kitabu changu na daftari lake la mauzo. Waliosema watanunua ya nje: thelathini na mmoja. Ya humu: kumi na wanne, pamoja na niliowasukuma. Walionunua kweli wiki hii, wakajaza fomu za leseni: watano. Na wote watano wamechukua kutoka rafu ya nyuma. Za marehemu!

Mama Gaudence akaulizwa amejuaje. Aliweka ndoo chini kwanza.

“Mimi napiga deki hapa kila siku,” akasema. “Mbele ya kaunta ni pakavu. Matope yote ya viatu vya wateja yako kule nyuma.”

Kimya kingi kina mshindo. Mama Venter haagizi kitu. Mama Gaudence ndiye atasimamia rafu ya nyuma. Stuli yake, hita yake. Na kampuni, baada ya ile habari ya polisi, inataka walinzi wawili mlangoni. Yaani mimi na Ruphin. Ruphin nje! Nimekula ugali sahani mbili.

Jumatatu, 15 Juni

Bwana Mabaso ameleta kitabu kipya, pamoja na amri: yaandikwe matukio tu. Nimeapa. Ruphin alitetemeka hadi nikamwazima jozi moja ya soksi. Sina kinyongo.

Saa nne Mama Gaudence alitutolea chai. Nyuma yake akaja Mama Venter, akijiuliza kwa sauti: buti za kuwindia, je, wateja watapenda za nje au za humu? Mama Gaudence akaanza kusema kitu kuhusu sakafu. Ruphin akamkatiza: za humu, yeye sasa amejifunza.

Kwa hiyo nikasema za nje.

Nimefungua ukurasa wa kwanza. Maoni ya mtu, ukifikiria vizuri, nayo ni tukio. Saa nne na robo: mwanamume, kaptura, za nje. Huyu nimemhesabu.