Salamu Arobaini na Moja za Mithika wa Kibirichia

Enyi mlioketi na enyi mliosimama, enyi wa Kibirichia mnaochimba viazi na enyi wa Embu mnaochuma chai, zimeni redio, tueni majembe, tegeni masikio! Nawaletea habari za vita vikuu vilivyopiganwa siku ya Jumatano, tangu saa nne ya asubuhi hata ikakaribia saa sita, kwa kidole gumba kimoja. Anayetaka kucheka na acheke. Ukoo wetu haukujaliwa mashujaa wengi, nami mwandishi wa tarikhi hii sina vita vingine vya kusimulia. Tunamtumia huyuhuyu tuliyepewa.

Shujaa mwenyewe ni Mithika, bwana wa ekari mbili, Mpasua-Udongo, Mtisha-Fuko, mgane wa miaka miwili. Asubuhi hiyo alikuwa shambani, matope hadi magotini, simu ilipolia mfukoni. Binti yake Joyline, aliyeolewa Embu kwa kina Ndambiri, alikuwa amejifungua, naye akaandika katika kundi la Watsapu la ukoo: "Baba, tumepata msichana mwingine. Wa kwanza alichukua jina la mama mkwe, huyu ni wa kwetu. Naomba kumwita Kanini. Karani wa hospitali anaandika majina saa sita. Lakini sitaki kukuumiza, baba. Hata ukinyamaza nitaelewa, nitatafuta jina lingine."

Kanini alikuwa mkewe Mithika. Tangu siku ya mazishi hakulitamka jina hilo hata mara moja. Alisema "marehemu," alisema "mama yenu," na akibanwa sana alikohoa.

Ndipo Ciakuthii, dada mkubwa wa Mithika na mtawala wa kundi, akatoa hukumu: "Jina la marehemu halitolewi kwa simu ya pembeni. Mithika aseme hapahapa, kwa mdomo wake, ukoo wote usikie."

Neno moja tu! Lakini ole wetu, shujaa alikuwa na sheria yake, kwamba mtu haingii penye watu akamwaga shida kabla ya salamu. Na penye watu palikuwa na watu arobaini na mmoja.

Akavua kofia. Akapangusa kidole kwenye suruali, akapanda juu ya gunia la viazi kama jemadari apandaye farasi, akabonyeza kitufe cha sauti, akanguruma: "Enyi ukoo wangu! Mimi Mithika, mwana wa Kiunga, nasimama mbele yenu nikiwa shambani! Ciakuthii, dada yangu, nakusalimu, muga! Njeru, ndugu yangu, muga! Magoti yanaendeleaje? Marcella..." Kidole kikateleza, na ujumbe ukaruka ukiwa nusu.

Njeru akajibu habari za magoti, dakika mbili nzima, la kulia kisha la kushoto. Je, muungwana huyaacha magoti ya ndugu yake hivihivi? Akayapa pole yote mawili. Marcella akauliza mbona ametajwa tu, hakusalimiwa. Akasalimiwa, na ng'ombe wake pia. Ngari wa Kinoru akatuma picha ya maua yenye maneno ya baraka, na Mithika, asiyemdharau mtu, akayasalimu maua. Kila salamu aliyoiangusha ilizaa mbili. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwemo kundini. Nikamwuliza kama mvua imenyesha huko, nikampotezea dakika tatu za historia. Saa sita kasoro dakika kumi ikamkuta amewafikia kumi na tisa.

Cicily, jirani aliyekuja kumsaidia kuchimba, akasimamisha jembe. "Mzee, utapiga hodi mpaka mwenye nyumba alale? Si useme hilo jina tuendelee!"

"Ewe Cicily," akasema shujaa kutoka juu ya gunia, "jina halirushwi kama jiwe. Hutanguliwa na heshima, na heshima ina foleni yake."

"Foleni gani? Umemwuliza Marcella habari za ng'ombe aliyeuzwa mwaka jana!"

Mithika akainua simu amwandame wa ishirini, na papo hapo ikaingia sauti ya Ciakuthii, kavu, bila muga wala nini.

"Mithika. Mimi nimekubeba mgongoni, nakujua. Wewe ukiogopa kitu, unasalimu. Siku tulipokwenda kumwomba huyo mke, ulimsalimu baba yake mpaka chai ikapoa. Saa sita kasoro dakika tano. Mtoto anangoja."

Shujaa akashuka, akakaa juu ya gunia lilelile. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Jemadari wa salamu," akajiambia, "umepigana vita vyote isipokuwa kile ulichoitiwa." Kwa maana ni kweli, aliogopa. Aliogopa kwamba jina likishamtoka kinywani litakwenda zake Embu kwa mtu mwingine, na yeye abaki na kaburi peke yake. Na aliogopa pia kulia mbele ya watu arobaini na mmoja, mzee mzima.

Akabonyeza. Upepo ukaingia kwanza, kisha pumzi zake, kisha kuku wa mtu.

"Kanini," akasema. "Mwiteni Kanini."

Andikeni, enyi makarani wa dunia! Andikeni kwamba saa sita kasoro dakika mbili, katika tuta la tatu kutoka kwenye ua, Mithika mwana wa Kiunga alinena kwa sekunde saba na kidole chake hakikuteleza! Hata Njeru aliyasahau magoti yake, jambo ambalo halijawahi kutokea wala sitarajii litokee tena.

Kisha Joyline akatuma ujumbe wa sauti. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na juu ya kilio hicho mama yake akasema, "Baba, karani ameandika. Nimemwita kwa jina, si unamsikia anavyoitika?"

Mithika alilia palepale, hakukohoa wala hakugeuka pembeni. Cicily akamwondolea jembe miguuni asije akajikata. "Hebu weka tena," akasema. "Mimi pia nilikuwa rafiki yake."

Akauweka mara sita, mpaka betri ikakata roho. Simu ilipozima, Mithika akasimama, akaukabili upande wa Embu, na mlima mzima ukiwa katikati akaita kwa sauti yake yote, kama mtu anavyomwita mwenzake chakula kikiwa tayari:

"Kanini! Kanini wee!"