Malalamiko Juu ya Somo la Tatu na Mguu wa Mama Mkwe

Kwihara, Tabora
8 Julai, 1954

Kwa Bwana Mkuu wa Masomo ya Uandishi kwa Posta, Dar es Salaam

Mheshimiwa Bwana,

Pokea heshima zangu, ingawa leo zimepungua. Mimi ni mwanafunzi wako wa kutunga hadithi. Asubuhi nafundisha watoto wa shule ya hapa kijijini, mchana nasoma masomo yako, na baada ya mavuno natarajia kumwoa Imakulata, kama hujaniharibia. Nalalamika hivi:

1. Somo la tatu liliniamuru nimchore kwa maneno mwanamke wa makamo, kutoka kichwani hadi miguuni. Hukuuliza nakaa wapi. Huku kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Nikimwona njiani naingia porini, hata pakiwa na siafu. Basi nikamchora mwanamke wa kubuni, na kwa bahati tu akawa na mwendo, sauti, na kovu la mguu wa kulia kama la mama yake Imakulata.

2. Kwa kuwa kazi mbili hazinipi nafasi, zoezi hilohilo niliwasomea watoto liwe imla. Hukunikataza. Walilipeleka nyumbani kwa furaha, na kabla jua halijatua kijiji kizima kilijua kovu ni la nani.

3. Wazee wanataka mbuzi wa faini. Harusi imesimamishwa. Imakulata akinipita kisimani anacheka, nami sijui anacheka na mimi au ananicheka. Hilo linaniuma kuliko mbuzi.

4. Kwa hiyo uje Kwihara mwenyewe, na mbuzi wako, uwaapie wazee kwamba sijamtazama mama huyo hata mara moja. Ukishindwa, nitafutie mchumba asiye na mama. Lakini simtaki mwingine, kwa hiyo ni afadhali uje.

Wasalimie makarani wote, hata yule wa wino mwekundu.

Mwanafunzi wako, mtiifu mpaka sasa,
Anselm Shilinde

Baada ya sahihi: Usije. Leo mama mkwe amewaambia wazee barazani kwamba kovu lake liko mguu wa kushoto, basi mwanamke wa imla si yeye. Hakuna mzee aliyethubutu kuhakikisha, na mumewe alikohoa tu. Nimesamehewa mbuzi, harusi ipo, na somo la nne nalisubiri. Alipokuwa akiondoka nilimtazama tena, kwa makini, kama ulivyofundisha. Ni mguu wa kulia.