Kinyozi Ajenga Chombo cha Angani

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimetangaza vita!

Asubuhi nilikuwa na dereva wa lori la mchanga kitini. Upande mmoja wa kichwa umekwisha, wa pili bado msitu. Mara makofi na vigelegele kutoka kwa jirani. Jirani ni Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi simu. Tumepakana ukuta, na tunagawana benchi moja lililo katikati ya milango yetu. Dereva akanyanyuka na shuka langu shingoni akaenda kuangalia. Nikabaki na mashine inanguruma hewani. Nikaizima, nikamfuata.

Kumbe ni ule mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali. Binti yangu ndiye aliyeuleta. Aliuweka kwenye skrini yangu na kwenye skrini ya mjomba wake, ulimwengu mmoja, ili wateja wajenge wakisubiri zamu. Wateja wangu wanajenga mabanda ya kuku. Shemeji kajenga chombo cha angani. Na kinaruka! Binti yangu mwenyewe kashika pedi ya kuchezea, ndiye rubani, na anamwita mjomba wake Injinia. Injinia! Mtu wa kubadilisha betri!

Nikatamka mbele ya kadamnasi kwamba chombo kama kile hata mimi naweza, tena kizuri zaidi. Shemeji akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akanikumbusha ile rafu ya sabuni niliyoipigilia ukutani ikaanguka kabla sijashuka kwenye kiti. Akauliza naweka nini. Nikasema benchi. Sijui neno lilitoka wapi. Lilitoka tu, kama chafya.

Basi imeshakuwa. Jumamosi, chombo kitakachopaa, kikafika kituo cha angani, kikasimama pale na kurudi salama, mwenyewe anachukua benchi zima mbele ya mlango wake. Binti atarusha vyote viwili. Mwamuzi ni mama wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara, kwa sababu hacheki ovyo.

Mke wangu ameuliza wateja watakaa wapi nikishindwa. Swali la mtu asiye na imani. Ni kweli mteja wa kusimama hukumbuka haraka kwamba ana shughuli nyingine. Kinyozi bila benchi atafunga duka. Ndiyo maana nitashinda!

Jumanne, 7 Mei

Somo la kwanza. Binti anasema wajenzi wote huanza vilevile: kisanduku kidogo, kiti kimoja, injini moja. Unajaribu. Kikipaa, ndipo unaongeza. Nimemwambia baba yake hapandi kisanduku. Mimi ni kinyozi. Kinyozi haongezi, kinyozi anapunguza. Uzuri umo ndani tayari, kazi yangu ni kuutoa.

Nikarundika bonge la matofali kubwa kuliko soko. Nikaanza kunyoa. Raha iliyoje! Pua ikatokea. Shingo ikatokea. Wateja wakaacha kuangalia saa. Lakini kushoto palizidi kidogo, nikapunguza kushoto. Sasa kulia pakawa pamezidi. Nikapunguza kulia. Nikakosea kidogo, nikarudi kushoto. Kila kinyozi anaijua safari hii. Mtu anaingia akitaka upunguze masikioni tu, anatoka upara.

Alasiri pande zote mbili zikawa sawa kabisa. Nikamwita Binti. Akakizunguka chombo changu mara mbili, akasema kwa heshima zote kwamba, Baba, hii ni stuli.

Shemeji alichungulia mlangoni. Akasema wahenga walishasema, kinyozi hajinyoi. Sikuona uhusiano wowote. Akaenda zake akicheka.

Kama stuli, si mbaya.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata wazo! Ujasusi!

Nilichukua simu yangu, nzima, haina hata mkwaruzo, nikaenda nayo kwa Shemeji. Nikasema inapata moto sana. Lengo: awe ameinama juu ya simu, mimi niangalie skrini yake kwa nafasi. Mpango safi. Yeye akafungua simu, mimi nikapanua macho. Chombo chake hakina hata sura. Kina mabawa manne yasiyolingana, pembe, milingoti, na vikorombwezo vingine ambavyo nadhani hata yeye hajui kazi yake. Lakini nyuma nikaona siri. Injini! Zimepangwa safu nzima.

Kwa hiyo siri ni injini. Wala si sura. Basi mimi nitaweka sura na injini. Nani atanishinda?

Shemeji akanirudishia simu akisema kweli ilikuwa na hitilafu, bahati niliiwahi. Tangu aifungue haiwaki.

Alhamisi, 9 Mei

Siku kuu! Chombo kipo!

Safari hii sikurundika bonge. Nilijenga ganda kwanza, kutoka nje, bila papara. Jekundu. Pua ya kioo. Mstari mweupe ubavuni, umenyooka kama ukingo wa nywele niliomchongea bwana harusi. Nyuma nikashindilia injini mpaka pakakosa pa kubandika hata tofali. Dereva wa lori alikuja mwenyewe kuangalia, na kichwa chake ambacho nilikimalizia Jumatatu jioni. Alisifu sana. Halafu akauliza mtu anaingilia wapi.

Nilikuwa nimesahau mlango. Kwani kinyozi gani anafikiria mlango? Watu huingia tu. Nikatoboa mmoja ubavuni, kwenye mstari mweupe. Imeuma, lakini imekwisha.

Kisha Binti akakaa kwenye kiti cha rubani, akatazama huku na huku, akauliza: Baba, kinasimamaje?

Nikamwambia kitu kikishafika kinasimama. Akaeleza, taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba angani hakuna upepo wala matope ya kukuzuia. Ukisukumwa umesukumwa. Lazima uwe na injini nyingine zinazoangalia mbele, ziwe ndiyo breki. Mbele! Juu ya pua ya kioo! Nimemwambia mtu hutazamwa usoni kwanza, na sitaharibu uso wa chombo changu kwa sababu ya breki. Tukifika tutasimama.

Mke wangu, aliyekuwa ameleta chakula, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamjibu kwamba angani hakuna ukingo. Akanitazama muda mrefu. Nadhani alivutiwa na jibu.

Ijumaa, 10 Mei

Nina wasiwasi kidogo. Nimehesabu injini za Shemeji kichwani na zangu ni nyingi, lakini jana nilimsikia akipiga mluzi. Mtu hapigi mluzi bure. Itabidi nimsaidie kushindwa.

Mchana akaenda kula. Skrini yake ikabaki wazi, na ulimwengu wetu ni mmoja. Nikashika pedi dukani kwangu, nikatembea ndani ya mchezo, nikavuka hadi uwanjani kwake. Chombo kile hapo, peke yake. Mkono ukaniwasha. Nikaanza na mabawa. Nikatoa moja, kisha la pili ili yalingane. Nikafyeka pembe. Nikafyeka milingoti. Nikakata kila kikorombwezo mpaka nyuma ya masikio. Kimebaki kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule! Kesho watu watakicheka mpaka Shemeji ajifungie ndani.

Mteja aliyekuwa kitini aliuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia furaha ya kazi.

Shemeji alirudi akakuta foleni ya simu mbovu, hakugusa mchezo hadi kufunga. Mambo yote yananyooka. Sijawahi kuwa na akili kiasi hiki.

Jumamosi, 11 Mei

Siku yenyewe! Barabara nzima imo mlangoni kwangu. Benchi limejaa mpaka miguu inaning'inia. Mama wa duka la dawa kasimama mbele na koti lake jeupe. Binti kashika pedi, kakunja uso.

Changu kwanza. Binti akawasha injini.

Kikapaa! Mungu wangu, kilipaa! Watu walipiga kelele mpaka kopo la poda likadondoka. Mawingu yakabaki chini, anga likawa jeusi, nyota zikajaa skrini nzima, na kile kitu changu chekundu kinakwenda. Mimi nilikijenga! Nilimkumbatia dereva wa lori. Kituo cha angani kikatokea mbele, kikakua, kikakua, kikapita.

Binti akasema kwa utulivu kwamba, Baba, kituo kilikuwa kile.

Nikamwambia asimame. Akazima injini zote. Kikaendelea. Akaachia pedi, akanywa maji, akarudi. Kikaendelea. Mwamuzi akasubiri kwa adabu, kisha akatangaza kwamba kimefika, kimepita, na hakionyeshi dalili ya kurudi.

Zamu ya Shemeji. Kilipotokea kwenye skrini kimenyolewa, nikajiandaa kucheka. Hakuna aliyecheka. Shemeji mwenyewe alitoa macho tu. Kikapaa polepole, kimenyooka wima. Kikafika kituoni, kikawasha vijiinjini vya mbele, kikasimama kama mtu anayebisha hodi. Kikageuka, kikarudi, kikatua. Kelele!

Kisha Shemeji akauliza ni nani aliyemnyolea chombo. Akasema wiki nzima kilikuwa kizito, kinavuta kushoto, mafuta yanaisha kabla ya nusu ya njia. Alikuwa ameshakata tamaa, amekuja leo kushindwa tu, tubaki na benchi letu kama zamani. Sasa kimekuwa chepesi kama unyoya. Akataka amshukuru mtu huyo hadharani.

Watu wote wakanigeukia. Katika barabara hii, anayenyoa bila kuombwa ni mmoja.

Benchi limebebwa. Wateja wangu wawili hawakutaka kunyanyuka, wakabebwa nalo.

Nilikaa kwenye kiti changu, nikajitazama kiooni. Nilitaka kulia, nisifiche. Binti akaja, akaegemea bega langu. Nikamuuliza, kwa mzaha tu, kati ya vile viwili angependa kurusha kipi tena. Akasema changu. Nikauliza kwa nini. Akasema cha Mjomba kimeshafika, lakini changu bado kinakwenda.

Injinia ni mjomba wake, sawa. Lakini alisema changu.

Jumapili, 12 Mei

Bado kinakwenda! Binti hakuzima skrini. Watu wametoka kwenye shughuli zao za Jumapili wakapita kuuliza kimefika wapi. Hawana pa kukaa, wamesimama mpaka nje. Wawili wamenyolewa kwa sababu walikuwa wamesimama karibu na kiti.

Shemeji amekuja mchana, amebeba upande mmoja wa benchi, upande wa pili kaushika dereva wa lori. Wameliweka pale pale lilipokuwa, katikati ya milango. Akasema ushindi alionyolewa hauna ladha, na kwamba dada yake amezungumza naye. Akaniketisha. Akanionyesha, kwa kidole, kwamba shida yangu ni ndogo sana: injini mbili tu zinazoangalia mbele. Binti akaitikia kwa kichwa. Akasema tungeweza kuanza leo, kisanduku kidogo, sisi watatu.

Nilisikiliza hadi mwisho. Nilimshukuru. Kwa kweli ni watu wema, na benchi limerudi, na mtu mwenye busara angeishia hapo.

Lakini hawaelewi! Tatizo halikuwa breki. Tatizo ni kwamba kituo kilikuwa karibu mno. Nimemwambia Shemeji turudie Jumamosi ijayo, twende kituo cha mbali zaidi. Akauliza sasa naweka nini, maana benchi hataki tena. Nikasema kiti changu cha kunyolea.

Neno limetoka tu.

Mke wangu amekusanya mikasi yote akaenda nayo nyumbani.

Sina muda wa kuandika zaidi. Nimerundika bonge jipya, kubwa mara mbili ya lile la Jumanne, na pua imeanza kutokea, nzuri ajabu. Kushoto tu ndiko pamezidi kidogo. Napapunguza.