Jinsi Nilivyowazuia Walimu Wasiondoke

Jumatatu, 8 Septemba

Mwalimu mkuu ameondoka. Tena! Huyu ni wa nne katika miaka mitano. Ijumaa Madam Mukami aliwaaga wasichana gwarideni, akayatungua mapazia yake ofisini, akayakunja vizuri, akaenda nayo. Leo dirisha liko uchi. Kila msichana anayepita anachungulia, na anachokiona ndani ni mimi, nimekaa kwenye kiti cha mkuu. Nakijaribu tu.

Mimi ni naibu. Nimekuwa naibu wa wote wanne. Wao huja na kwenda, Kemboi yupo. Je, huo si uongozi?

Saa nne Mama Rosaline, mwenye shule, alifika kutoka Kitale mjini akatukusanya chumba cha walimu. Hata kuketi hakuketi. Alisema amechoka kuulizwa na wazazi kwa nini binti zao wamefundishwa hesabu na watu watatu mwaka huu. Safari hii hatatangaza nafasi popote. Atachagua mkuu miongoni mwetu, baada ya wiki mbili.

"Nataka mtu ambaye walimu hawamkimbii," alisema. "Ni hivyo tu."

Walimu wote wakamgeukia Madam Nekesa. Sielewi. Nekesa anatoka Chwele, anafundisha Kiswahili, hana cheo chochote. Kazi yake kubwa ni kuuliza watu wameamkaje, halafu anangoja jibu! Hiyo ndiyo sifa ya mkuu?

Wiki mbili. Kuwazuia walimu ni jambo dogo. Anayetaka ng'ombe wasitoke hufunga lango.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefunga lango.

Nimetunga fomu. Ukurasa mmoja, muhuri wa shule, maneno mazito. Mwalimu anaapa kutoondoka kwa miaka miwili, na akiondoka asiombe barua ya mapendekezo. Niliigawa asubuhi kila mwalimu akiwa na kikombe mkononi. Nilidhani mtu aliyeshika chai hawezi kukasirika.

Kipyegon wa hesabu aliisoma mara mbili. Akauliza, ati hii ni shule ama jela? Nikamwambia mwenye nia njema haogopi kutia sahihi. Akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake, akaenda kwao Kachibora. Kufikia saa sita mwalimu wa jiografia naye alikuwa ameenda.

Wawili kwa siku moja! Madam Mukami kwa muhula mzima alipoteza mmoja tu.

Nimezikusanya fomu. Aliyetia sahihi ni mmoja. Mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Barua zote za shule hupitia kwangu. Leo imekuja moja ya serikali, ya Mwalimu Shamira. Niliifungua kwa bahati mbaya, kwa kisu.

Anaitwa kwenye usaili wa kazi ya serikali. Bungoma, Jumatatu tarehe 15, saa tatu asubuhi.

Shamira! Kemia, kidato cha nne! Mtihani wa kitaifa uko mlangoni, na wasichana arobaini na wawili hawamwamini mtu mwingine yeyote mbele ya chupa ya asidi. Kabla yake darasa hilo lilipitia walimu watano. Mmoja alikaa siku tisa. Shamira alipokuja walimwuliza siku ya kwanza ataondoka lini. Nilikuwa dirishani, niliwasikia. Hawakuuliza kwa ujeuri. Waliuliza kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini, ajue kama aanike nguo.

Akienda, watafanya mtihani wakiwa yatima. Na mimi sitakuwa mkuu. Nimeyaandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo nilivyoyafikiria. Karibu.

Nimeifunga barua tena kwa ugali, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Iko mfukoni mwa koti. Sijaiba. Nimeichelewesha tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Shamira aliomba ruhusa ya Jumatatu. Jino. Nilimpa papo hapo, nikamwambia afya ya walimu ndiyo nguzo ya shule. Akanishukuru, akanitazama kwa muda. Nadhani ameanza kuniona kwa jicho jipya.

Jumamosi, 13 Septemba

Bungoma! Nilipitia Kimilili asubuhi na mapema. Mpango: kutafuta walimu wawili wa kuziba mapengo kabla Mama Rosaline hajayaona. Naim, aliyetufundishia fizikia miezi saba, siku hizi yuko shule moja ya wasichana huko. Nikaenda kumtembelea. Nilisema natafutia mpwa wangu nafasi.

Naim alicheka. Alisema, "Mwalimu, wewe huna mpwa. Karibu chai."

Akanipeleka chumba chao cha walimu. Nikasimama mlangoni kama mtu aliyeingia matanga na kuwakuta marehemu wote wako hai. Naim. Mwalimu wa biolojia aliyeondoka Februari. Yule wa dini. Na pembeni, akisahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, Madam Mukami!

Hakuwa hata naibu. Mwalimu wa kawaida. Nilimwuliza, kwa heshima, kama hajajishusha. Alifunga daftari. Akasema, "Kemboi, usiku wa Jumamosi iliyopita nililala mpaka asubuhi. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini."

Nikauliza kilichowaondoa ni nini, maana mishahara nimeona ni ileile. Naim akasema, bila hasira, kwamba siku mama yake alipolazwa alichelewa masomo mawili, na nikamwandikia barua ya onyo. Nikamkumbusha kwamba alichelewa kweli. Akakubali kwamba alichelewa kweli. Hapa, akasema, mwezi wa kwanza tu mtoto wake aliugua, na mkuu akaingia darasani kumshikia kipindi.

Mukami alisema yeye alichoka na jambo moja. Kila alilowaza lilimfikia Mama Rosaline kabla yeye hajalisema. Alijiuliza kwa muda mrefu linapitia wapi.

Wote wakawa wanaangalia vikombe vyao. Mimi niliangalia viti.

Viti vyao vina mito! Mito ya kitambaa, rangi ya samawati! Sisi tuna mbao tupu. Nimepata jibu la swali zima, na sikutozwa hata senti. Hakuna aliyekubali kurudi nami, lakini walinisindikiza hadi langoni, wote wanne, na Mukami alinipa ndizi za njiani. Sijui kwa nini sikuweza kuzila mpaka Kiminini.

Jumapili, 14 Septemba

Mke wangu Viola alichukua koti langu alipige pasi kwa ajili ya kanisa. Akaipata barua.

Nilimweleza kuhusu wasichana na mtihani. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka pasi kando.

"Baba Chelimo," alisema, "wewe si uliwahi kungoja barua?"

Nilimaliza chuo nikangoja barua ya kazi miaka sita. Kila Ijumaa nilitembea mpaka posta. Nilikuja kujua baadaye kwamba moja ilifika mwaka wa pili, ikakaa kwenye droo ya mtu aliyetaka kazi hiyo ampe mpwa wake. Sijawahi kumsamehe mtu yule. Alipokufa sikuenda mazishi, na ninakwenda mazishi ya kila mtu.

Kanisani sikusikia mahubiri.

Nitampa kesho asubuhi, mapema kabisa.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa moja nilikuwa langoni na barua. Saa mbili Shamira hajafika. Nikakumbuka jino. Nikakumbuka saa tatu, Bungoma. Ee Mungu!

Nilichukua bodaboda hadi Kitale mjini, nyumba za nyuma ya msikiti, nikagonga nikihema. Mama yake, Bi Sabiha, akafungua. Nilimwambia kuna barua, ni ya haraka, makosa yametokea ofisini. Alinikaribisha ndani kwa upole uliozidi kunitesa, akaniwekea mahamri na chai ya tangawizi. Akasema Shamira yuko Bungoma tangu alfajiri.

Kumbe walimpigia simu wiki iliyopita! Na ujumbe wakamtumia! Barua siku hizi ni desturi tu. Nimekaa siku nne na jiwe kifuani, nikichelewesha kitu kilichokwisha kufika.

Ningeondoka. Lakini Bi Sabiha alianza kuniuliza habari za watoto wangu, jina kwa jina, na nilipojibu akangoja. Nilijikuta nimekaa hadi saa nane. Shamira akaingia, viatu vina vumbi. Hakushtuka kuniona. Nikampa barua. Akaigeuza, akainusa.

"Mwalimu, hii inanuka ugali."

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Hakuna hata mmoja uliotoka. Nikasema niliifungua, nikaificha, nisamehe. Bi Sabiha akanyanyuka akaenda jikoni, nadhani ili nisione aibu mbele ya mtu mzima mwenzangu.

Shamira aliiweka barua mezani. Akaniambia kwamba usaili ulienda vizuri. Wakimchukua, ataomba aripoti Januari, wasichana wake wakishamaliza mtihani. "Siwezi kuwaacha sasa," alisema. "Hata kama hamngeniomba." Alitaka kusema hayo shuleni tangu wiki iliyopita. "Lakini ningemwambia nani? Madam Mukami ameenda. Na wewe, Mwalimu, ukiambiwa kitu unaandika."

Nilirudi kwa miguu. Ni mbali. Nilitaka iwe mbali.

Mtu anaweza kuishi na walimu miaka mitano, ajue siku zote walizochelewa, na asijue hata mmoja wao anachokipenda. Nimeliandika hilo ili nisilisahau.

Ijumaa, 19 Septemba

Mito imefika! Ishirini na miwili, samawati. Nilimshawishi Mama Rosaline kwa simu. Nimeifunga kwenye viti kwa mikono yangu mwenyewe.

Walimu waliketi. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna mtu amekufa.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama Rosaline alikuja bila kuarifu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Hakuitaka. Alitaka kuzunguka madarasani.

Kidato cha pili, hesabu. Nilijua hakuna mwalimu, nikajaribu kumpitisha njia ya bustani. Akaingia. Na ndani, chaki mkononi, alikuwa Kipyegon! Akifundisha kama mtu asiyewahi kuondoka!

Ilibidi nimwulize baadaye. Alisema Nekesa alifika kwao Kachibora Jumamosi. Hakumwomba arudi. Alimwuliza ameamkaje, akasaidia kupukuchua mahindi mpaka jioni, na alipokuwa anaaga akasema tu kwamba wasichana wamefika sura ya saba na wamekwama. Jumatatu iliyopita na siku zilizofuata, katika vipindi vyake vya mapumziko, Nekesa ndiye aliyekuwa akiwakalia na vitabu. Hesabu haijui. Aliwaambia haijui, wakajifunza pamoja.

Hakumwambia mtu. Hata mimi, ninayejua kila kitu.

Saa sita Mama Rosaline alitangaza. Madam Nekesa ndiye mkuu. Walimu walipiga makofi mpaka wapishi wakatoka jikoni. Na mimi nilipiga. Mikono ilienda yenyewe.

Jioni Nekesa aliniita ofisini. Dirisha bado halina pazia. Alisema ataliacha hivyo. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nilikuwa hata nimekunja uso unaofaa.

Akaniambia, "Mwalimu Kemboi, hapa hakuna mwingine anayewakumbuka wote walioondoka. Majina, tarehe, masomo yao. Wewe unawakumbuka." Akasema nibaki naibu. Kazi yangu mpya ni kukaa na kila mwalimu mara moja kwa mwezi na kumwuliza kinachomlemea. Kabla hajafunga mizigo, si baada. Na nisiandike.

Nilitaka kumjibu kwa heshima. Nikajikuta natafuta leso. Akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza mpaka nikatulia.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimekaa na walimu saba. Ni kazi ngumu, kusikiliza. Mikono hukosa pa kwenda.

Kipyegon anapenda kufuga nyuki. Shamira anaogopa kwamba Januari wasichana wa kidato cha tatu watamwona msaliti. Mwalimu wa sanaa amelea wadogo zake watano peke yake, na nilimwandikia onyo mara sita. Nilimwomba radhi. Alisema, "Sawa bana, yaliyopita si ndwele," na akanikatia muwa wake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Viola kwamba nadhani mimi ni mtu mwingine. Alinitazama vizuri. Akasema tusubiri.

Jumamosi, 27 Septemba

Habari kubwa! Mama Rosaline anafungua shule ya pili. Matulo, karibu na Webuye! Januari! Itahitaji mkuu!

Sikulala. Mkuu wa shule mpya huhitaji walimu, na mwenye kwenda kwake na walimu mkononi ndiye atakayechukuliwa. Walimu wazuri nawajua. Nimeketi na saba wiki hii, wamenifungulia mioyo, na sasa najua hasa nini kitamhamisha kila mmoja. Kule Matulo kuna nafasi ya mizinga ya nyuki hata hamsini. Mwalimu wa sanaa nitamwahidi karo ya wadogo zake. Watano wakihama nami, na Nekesa asijue mpaka Desemba, mimi ni mkuu.

Nekesa husema mwalimu anayependwa haondoki. Ni kweli kabisa, nimeliona kwa macho yangu. Basi nitawapenda zaidi. Naanza Jumatatu, saa nne, wakati wa chai.