Jimu Yako Ibadilishwe Jina, Shemeji

Ndugu Shemeji, Mwenye Jimu,

YAH: OMBI LA KUBADILISHA JINA LA JIMU YAKO

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ingawa ulipo ni ghorofani juu ya duka langu, na vyuma vyako navisikia vikianguka nikiwa hapa cherehanini. Nakuandikia badala ya kupanda ngazi kwa kuwa tangu juzi sina uso wa kukutazama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina lenyewe. Binti yangu mwalimu, mpwa wako, ameniambia kwamba neno jimu asili yake ni kwa Wayunani wa kale, na kwao lilimaanisha mahali pa kufanyia mazoezi uchi. Uchi, shemeji! Walivua kila kitu, wakajipaka mafuta, wakapigana mieleka. Mimi ni fundi cherehani, nimelea watoto kwa kazi ya kuwafunika watu. Dada yako aliponiandikisha kwako hakuambiwa kwamba ananipeleka kwa maadui wa riziki yangu.

2. Hata huo Uyunani wenyewe hamuufuati. Binti anasema kule wanafalsafa nao walikuja, wakakaa kujadili maisha. Siku yangu ya kwanza niliona benchi, nikashukuru, nikakaa nianze kujadili. Kocha wako akaniambia, "Mzee, hapo panalaliwa, tena na chuma juu ya kifua." Mjadala ukaishia hapo.

3. Vioo. Dukani kwangu kioo ni cha mteja. Mimi husimama nyuma yake nikimwambia amependeza. Kwako kila ukuta nilimkuta mzee mmoja mwenye kitambi ananikodolea macho, na kila nilikokimbilia alikuwa amenitangulia.

4. Sasa lile la juzi. Unajua nilikataa kununua suruali ya mazoezi. Fundi gani ananunua nguo ya dukani? Nikajishonea. Wanasema mganga hajigangi, nami sikujipima. Vipimo vyangu viko kichwani tangu suti ya harusi yangu na dada yako, nikakata kitambaa kwa vipimo hivyo hivyo, tena kwa madaha. Kocha akatuamuru tuchuchumae. Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama kwanza, ndipo nikavuliwa. Mshono wa nyuma uliachia wote kwa mlio ulioushinda muziki wako. Na nyuma yangu alikuwa nani? Yule bwana harusi mtarajiwa ambaye suti yake iko mezani kwangu. Akaniuliza kwa upole kabisa kama na yake nimetumia uzi ule ule.

Kwa hiyo, katika wateja wako wote, ni mimi peke yangu niliyeitimizia jimu maana yake ya asili. Naomba jina libadilishwe kabla hajatokea wa pili. Iite banda la vyuma, iite upendavyo.

5. Hili si lalamiko, ila sina pengine pa kuliweka. Siku hizi siwezi kupiga goti kupima pindo la suruali ya mteja. Nampandisha juu ya stuli. Nikiinama, pumzi inakatika. Daktari amesema moyo wangu umechoka kunibeba. Naogopa, shemeji. Ndiyo sababu nilikuja kwako, na usimwambie mtu.

Nasubiri majibu yako kwa maandishi, maana kuonana bado sijawa tayari. Msalimie mkeo, watoto, kocha, na hasa yule mama wa mapokezi aliyenirushia taulo huku ameangalia pembeni.

Wako katika ujenzi wa mishono imara,

Fundi wa hapo chini, mume wa dada yako.

Tanbihi: Jana jioni dada yako alinipima upya. Alipofika tumboni hakutaja namba. Alinikumbatia tu, futi kamba ikiwa bado inanizunguka, akasema, "Nataka tuzeeke wote, baba watoto." Suruali mpya iko tayari, nimeipiga mishono maradufu, na suti ya bwana harusi nayo nimeirudia. Jina liache lilivyo. Kesho asubuhi nitakuja. Mwambie kocha aniwekee nafasi ya nyuma kabisa, mgongo ukutani.