Tisa Wa Mwisho

Jumatatu, 4 Mei
Zahanati hii ikinikosa siku moja, watu watapona kwa hasira tu. Mimi ndiye mapokezi. Mimi ndiye foleni! Mgonjwa anachukua namba, kompyuta inaita. Leo imeita 1, 10, 11, ndipo 2. Namba 9 ni mama mkwe, jino limemvimbisha shavu kama puto. Akauliza mbele za watu, eti mkwe, hii kompyuta yako ilisomea wapi? Daktari mkuu kasema isiponyooka kufikia Alhamisi, narudi getini. Getini! Mimi!

Jumanne, 5 Mei
Nimemwita mpwa wangu, fundi wa kompyuta. Kachungulia hifadhidata, kaijaribu fanksheni, kile kipande cha programu kinachopanga foleni. Akasema mjomba, namba zako zimehifadhiwa kama herufi, na herufi hupangwa kama kwenye kamusi: 10 inaanza na 1, basi inaitangulia 9. Dawa ni fanksheni izigeuze kuwa namba kwanza, ndipo ipange. Atakuja kesho jioni, nisiguse kitu. Nikamkumbusha kwamba niliwahi kutengeneza redio ya jenerali mmoja kwa kijiko. Akacheka. Watoto wa siku hizi hawajui historia.

Jumatano, 6 Mei
Kompyuta inataka herufi? Nimeipa herufi! Asubuhi nikafuta tarakimu zote, nikaandika moja, mbili, tatu, kwa maneno. Akili ya kuzaliwa nayo! Ikaita: kumi. Mbili. Moja. Nane. Ukumbi ukachafuka. Karani wa dawa, hasidi wangu, akapaza sauti: Profesa, siku hizi moja inakuja baada ya mbili? Mama mkwe kaangukia tisa tena. Wa mwisho kabisa! Ameshika shavu. Ananitazama tu.
Jioni mpwa kaja. Fanksheni yake ikagoma: neno “tisa” haligeuziki kuwa namba. Akarudisha tarakimu moja moja, akiguna.

Alhamisi, 7 Mei
8, 9, 10! Mama mkwe kaingia, katoka bila jino. Nikamweleza daktari mkuu nilivyoinyoosha fanksheni. Mpwa akakohoa nyuma yangu. Kiti kimebaki changu. Kibodi imeondolewa, bila shaka nisichoke.
Ila nimeona milango ya vyumba bado ina tarakimu tupu. Kalamu ya wino mzito ninayo. Kesho naanza: moja, mbili...
Hili libaki hapa: kujua kwa nini neno tisa lilikuwa mwisho, ilibidi niimbe alfabeti yote chooni. Mara mbili. Nikifika N hupotea.